Somo: Milioni 100 za Fantasy ya Ligi Kuu England, anza kuzigawa kutoka chini

Kila Agosti swali ni lile lile kwenye kundi letu: "Mkuu, nianze na Salah au na Haaland?" Huwa najibu: anza na beki wa milioni 4.0. Watu wanacheka. Leo naeleza kwa nini, na maswali yenu nimeyajibu huko chini.

Kwa mgeni, kanuni kwa ufupi. Fantasy Premier League, au FPL, haina kiingilio. Unapewa paundi milioni 100 za kuchezea, unasajili wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, wasizidi 3 kutoka klabu moja. Kila raundi unapanga 11, wanne wanakaa benchi, na wanachofanya hao 11 kwenye mechi za kweli ndicho kinachokupa pointi. Mmoja unamvalisha kitambaa cha unahodha na pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Nikisema "milioni" humu ndani ni hizo hizo za kuchezea, msije mkaniomba niwarushie kwenye simu.

Hatua ya 1: Maliza habari ya benchi kwanza

Kila mchezaji ana bei yake. Msimu wa 2025/26 Salah alianza kwa milioni 14.5 na Haaland kwa 14.0. Ukiwabeba wote wawili umetumia 28.5, na imebaki 71.5 ya kugawana watu 13. Gawanya mwenyewe: 5.5 kila kichwa. Inawezekana, ila inategemea kama wale wanne wa benchi watakubali kula kidogo.

Ndiyo maana naanzia huko. Kipa wa akiba 4.0, mabeki wawili wa 4.0, straika wa 4.5. Jumla 16.5. Sasa mchukue mdau mwingine ambaye benchi yake ina kipa wa 5.0, mabeki wawili wa 5.5 na straika wa 6.5, kwa sababu "huwezi jua". Huyo ameketisha 22.5. Tofauti ni milioni 6.0, na hizo 6.0 ndizo zinazokutoa kwa straika wa 8.0 na kukufikisha kwa Haaland. Yaani jamaa analalamika hana hela ya Haaland, kumbe Haaland wake amekaa benchi akiwa amegawanywa vipande vinne.

Lakini bei ya chini isiwe maiti. Mchezaji wako asipoingia uwanjani hata dakika moja, mfumo unamchukua wa benchi kwa mpangilio uliouweka. Kwa hiyo yule wa kwanza benchi awe mtu mwenye namba kwenye klabu yake. Timu zilizopanda daraja ndiko wanakopatikana hawa, beki wa 4.0 au 4.5 anayeanza kila wiki. Wakongwe mnamkumbuka John Lundstram wa Sheffield United, 2019/20: aliorodheshwa kama beki, bei 4.0, huku anacheza kiungo. Alimaliza na pointi 144. Huyo hakukaa benchi ya mtu yeyote mwenye akili.

Hatua ya 2: Pima hela ya ziada inanunua nini

Hapa ndipo wengi wanapotea, na mimi nilipotea misimu miwili mizima. Kuna kipimo maarufu: chukua pointi za mchezaji, gawanya kwa bei yake. Msimu wa 2024/25 Salah alianza kwa 12.5 akapata pointi 344, rekodi ya mchezo huu. Bryan Mbeumo, wakati huo wa Brentford, alianza kwa 7.0 akapata 236. Chris Wood wa Nottingham Forest, 6.0, akapata 200. Haaland alianza kwa 15.0 akapata 181. Kwa kila milioni, Salah anatoa 27.5, Mbeumo 33.7, Wood 33.3, Haaland 12 na kidogo.

Ukifuata kipimo hicho kibubusa utajaza timu watu wa bei ya kati na hutamnunua Salah kabisa. Tatizo ni kwamba nafasi zako ni 11 tu. Huwezi kumuuza Salah, ukanunua Mbeumo wawili, ukawapanga wote kwenye nafasi moja.

Kwa hiyo mimi nauliza hivi: nafasi hii ningeijaza kwa bei ya chini kabisa, ningepata nini? Kiungo wa 4.5 anayecheza dakika 60 kila mechi, bila goli wala pasi ya goli, ana pointi 2 kwa mechi. Mara mechi 38 ni 76. Hiyo ndiyo sakafu. Sasa Mbeumo: amezidi sakafu kwa pointi 160, na hela ya ziada uliyolipa ni 2.5. Hiyo ni pointi 64 kwa kila milioni ya ziada. Wood: pointi 124 kwa ziada ya 1.5, karibu 83. Salah: pointi 268 kwa ziada ya 8.0, yaani 33.5. Haaland wa msimu ule: pointi 105 kwa ziada ya 10.5. Kumi kamili. Kilio.

Mtasema Salah bado ameachwa mbali. Subirini.

Hatua ya 3: Mweke kitambaa mezani

Bei ya staa unailipa kwa sababu ya kitambaa. Mtu aliyemwachia Salah unahodha mechi zote 38 msimu ule alivuna 344 mara mbili, 688. Toa sakafu ya 76, gawanya kwa ziada ya 8.0: pointi 76.5 kwa kila milioni. Ghafla kampita Mbeumo.

Lakini kitambaa ni kimoja. Staa wa pili wa milioni 14 yupo kwenye timu yako bila kitambaa, kwa hiyo anarudi kwenye ile hesabu ya 33, au ya 10. Kwa maoni yangu basi: staa mmoja mkubwa sana ambaye utamvisha kitambaa bila kuumiza kichwa, halafu hela iliyobaki ishuke kwa watu wa 5.5 mpaka 8.0. Wapo wanaobeba wawili na wanafanya vizuri, siwapingi, ila huwa wanamvisha mmoja wiki ambayo mwingine anafunga matatu.

Hatua ya 4: Saka bei iliyokosewa

Bei zinapangwa kabla ya msimu kuanza, kwa kuangalia zaidi alichofanya mtu msimu uliopita. Mambo yakibadilika, bei inachelewa. Cole Palmer alihamia Chelsea kutoka Manchester City Septemba 2023 akiwa na bei ya 5.0, kwa sababu City alikuwa anakaa benchi. Chelsea wakampa namba, wakampa na penalti. Pointi 244. Riyad Mahrez, mwaka wa ubingwa wa Leicester 2015/16, alianza kwa 5.5 akamaliza na 240.

Vitu vya kuangalia ni vichache. Nani anapiga penalti na kona? Nani ameorodheshwa kiungo lakini anacheza mbele? Goli la kiungo ni pointi 5 na la straika ni 4, na kiungo anapata pointi 1 zaidi timu yake isipofungwa. Mbeumo alikuwa hivyo: kiungo kwenye orodha, mshambuliaji uwanjani, na penalti za Brentford juu yake. Ukipata mtu wa namna hiyo kwa 6.0 au 7.0, usimuulize jina la ukoo.

Hatua ya 5: Bei inavyopanda na kushuka

Watu wengi wakimnunua mchezaji, bei yake inapanda kwa 0.1 usiku wa manane, wakimkimbia, inashuka. Ukimuuza unapewa nusu ya faida, na nusu hiyo inashushwa. Umemnunua kwa 7.0, amefika 7.3, unauza kwa 7.1. Akifika 7.4, unauza kwa 7.2. Akishuka, hasara yote ni yako.

Niwape la kwangu. Jumanne moja usiku nilimnunua winga fulani harakaharaka nisipitwe na 0.1. Kesho yake klabu yake ikawa na mechi ya kombe, akatoka dakika ya ishirini na kitu anachechemea. Kila raundi unapewa uhamisho mmoja wa bure, wa ziada unakatwa pointi 4. Wangu wa bure nilikuwa nimeshautumia kwake, kwa hiyo kumtoa kulinigharimu pointi 4. Pointi 4 kuokoa laki moja ya kuchezea! Siku hizi nasubiri mpaka mechi za katikati ya wiki ziishe, labda iwe wiki isiyo na mechi kabisa.

Mfano wa mgao

Sio amri, ni picha tu. Makipa 5.0 na 4.0. Mabeki 6.0, 5.5, 5.5, 4.5, 4.0. Viungo 10.0, 8.0, 7.0, 6.5, 5.5. Washambuliaji 14.0, 9.0, 5.0. Jumla 99.5, na 0.5 inabaki mfukoni. Ukipanga 3-5-2, waliopo uwanjani wana thamani ya 82.0, benchi 17.5. Hiyo 0.5 usiidharau. Ndiyo inayokuwezesha kumtoa mtu wa 7.0 ukamwingiza wa 7.5 bila kubomoa kwingine.

Maswali ya wadau

*Mwalimu, makipa wawili wa 4.5 nikawa nawabadilisha kulingana na ratiba, au mmoja wa kudumu?*

Wa kudumu, dada yangu. Wawili wa 4.5 ni 9.0, na kila wiki unabahatisha. Siku uliyomweka huyu, yule wa benchi ndiye anaokoa penalti. Na kipa mzuri si lazima awe ghali: Matz Sels wa Forest alianza 2024/25 kwa 4.5, akaja kugawana glavu ya dhahabu na David Raya wa Arsenal, kila mmoja mechi 13 bila kufungwa.

*Mkuu, mabeki wa bei ndogo timu zao zinafungwa kila wiki. Si hela inapotea?*

Zamani ningekubali. Tangu 2025/26 beki akifikisha vitendo 10 vya ulinzi kwenye mechi, yaani kuondosha mpira, kuziba shuti, kunasa pasi na kupokonya, anapata pointi 2. Kiungo na straika wanahitaji 12, na kwao mpira walioukusanya nao unahesabiwa. Sasa beki wa kati wa timu inayoshambuliwa dakika 90 ana kazi nyingi kuliko wa timu kubwa. Hata wakipigwa 1-0 anaweza kuondoka na pointi 4. Mabeki wa pembeni wa bei hiyo mara nyingi hawafiki.

*Kulipa pointi 4 kwa uhamisho wa ziada ni dhambi?*

Sio dhambi, ni mkopo. Anayeingia lazima ampite anayetoka kwa zaidi ya 4 ndipo upate faida. Kama anayetoka ameumia kwa miezi na benchi yako haina mtu, sawa. Kama unamtoa mzima kwa sababu jirani yako kamtoa, tulia. Uhamisho wa bure usiotumika unalimbikizwa mpaka 5.

*Mimi ni Arsenal damu. Nikimnunua mchezaji wa Tottenham nitaeleza nini nyumbani?*

Kaka, hilo la nyumbani kwako. Kwenye hesabu yangu hakuna safu ya jezi.

*Mastaa wakienda AFCON niwauze au niwaache?*

Kwa ile ya Morocco iliyoanza tarehe 21 Desemba 2025, ambayo hata Taifa Stars walikuwepo, FPL walimjazia kila mtu uhamisho wa bure mpaka 5, kwa hiyo kuuza kulikuwa rahisi. Kabla hujauza angalia bei uliyonunulia. Umemnunua kwa 7.0, sasa ni 7.6, utauza kwa 7.3. Akirudi utamnunua kwa 7.6. Umeshapoteza 0.3. Kwa mtu wa 14 atakayekosa raundi nne au tano, uza tu. Kwa mtu wa 6.0 unayetaka kumrudisha, benchi inatosha.

*Mwisho wa kubadilisha timu ni saa ngapi kwa saa zetu? Kila mara napitwa.*

Dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya mapema ya Jumamosi inaanza saa 8:30 mchana kwetu, kwa hiyo mlango unafungwa saa 7:00. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wanarudisha saa zao nyuma, na kwetu mlango unakuwa saa 8:00 mpaka mwisho wa Machi. Kukiwa na mechi ya Ijumaa saa mbili usiku ya Uingereza, unafungwa Ijumaa hiyo hiyo saa 2:30 usiku, au 3:30 kipindi cha baridi yao. Hapo ndipo wengi wanapoumia, wamezoea Jumamosi. Weka kengele kwenye simu, na hakikisha bando lipo tangu asubuhi. Kuna mwenzetu alifika kibanda umiza saa saba na dakika tano, vocha iko mkononi hajaikwangua, na nahodha wake alikuwa na kadi nyekundu ya wiki iliyopita.