Jinsi ya kuomba kibali cha kuwinda korongo Texas, mpaka nyama ifike mezani

Oktoba ikielekea ukingoni, hapa Abilene huwa tunawasikia kabla ya kuwaona. Sauti yao ni ya kukwaruza, kama mlango mzito wenye bawaba kavu, na inashuka kutoka juu sana hata unatafuta angani mpaka shingo inauma. Ndio korongo wa kijivu waliotoka Kanada, Alaska na wengine Siberia, wakija kupitisha baridi kwenye mashamba ya mtama ya Texas. Kwenye fomu zote utakutana na jina lao la Kiingereza, sandhill crane, kwa hiyo likariri.

Ndugu zangu wengi, hasa tuliotoka Kongo, Burundi na Uganda, wanashtuka wakisikia ndege huyu analiwa. Wanamfikiria korongo taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, ambaye yuko hatarini kutoweka na hapaswi kuguswa. Huyu wa hapa ni mwingine. Naye aliwahi kupigwa marufuku kuwindwa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, hadi mwaka 1961 uwindaji ulipofunguliwa tena Texas na New Mexico kwa masharti. Leo anawindwa kwa idadi maalumu na kwa karatasi, na karatasi ndizo zilizonifanya niandike. Mgeni katika nchi hii akikamatwa na kosa la uwindaji au la silaha, halimalizwi kwa faini peke yake. Linaweza kumfuata mpaka kwenye faili lake la uhamiaji.

Kwanza kabisa: una haki ya kushika bunduki?

Anza hapa kabla hujatoa hata dola moja. Raia, mwenye ukaazi wa kudumu na mkimbizi aliyepokelewa rasmi wanaruhusiwa na sheria ya Marekani kumiliki silaha, mradi hakuna kizuizi kingine kama hukumu ya kosa kubwa au ya ukatili nyumbani. Aliye kwa viza ya muda, mfano mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi, ila akiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani, leseni hiyo inamfungulia mlango. Asiye na hadhi ya kisheria haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, na leseni ya kuwinda haimsaidii. Kama hujui umesimama wapi, muone wakili wa uhamiaji kwanza. Usimsikilize rafiki anayekuambia "twende tu, nishike hii."

Mafunzo na leseni

Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye lazima apite mafunzo ya wawindaji. Ukiwa na miaka 17 au zaidi unaweza kuyamaliza yote mtandaoni. Ipo njia ya kuahirisha kwa dola 10, mara moja tu maishani, nawe uwinde ukiwa umesindikizwa na mwenye leseni. Ushauri wangu: usiahirishe. Mafunzo yale yanakufundisha kuvuka uzio ukiwa na bunduki bila kumuua mwenzako, na hilo halina mbadala.

Kisha nunua leseni ya jimbo kutoka idara ya mbuga na wanyamapori, Texas Parks and Wildlife. Mpya zinaanza kuuzwa tarehe 15 Agosti na mwaka wake unaisha 31 Agosti. Mkaazi, yaani aliyeishi Texas zaidi ya miezi sita mfululizo, analipa dola 25. Mgeni kutoka jimbo jingine dola 315. Nenda na kitambulisho na namba yako ya hifadhi ya jamii. Juu ya leseni unaongeza idhini ya ndege wahamao, dola 7. Hapo muuzaji atakuuliza maswali mafupi: mwaka jana ulipiga bata wangapi, njiwa wangapi, mabata bukini wangapi. Usione ni udaku. Majibu hayo ndiyo yanayowasaidia wataalamu kukadiria mavuno ya ndege nchi nzima, na ukishajibu, leseni yako inachapishwa herufi HIP (Harvest Information Program, mpango huo wa takwimu za mavuno). Angalia kwamba zipo kabla hujaondoka kaunta.

Kibali cha shirikisho, kile kinachosahaulika

Sasa nisikilizeni hapa. Leseni pamoja na idhini bado havikuruhusu kumpiga korongo. Kuna kibali cha tatu, kibali cha shirikisho cha korongo, na ni cha bure. Bata na bukini wanadai stempu ya kulipia ya serikali kuu. Korongo hadai hiyo, anadai kibali hiki. Unakiomba kwenye idara yenyewe ya Texas Parks and Wildlife: kwa mtandao, kwa simu saa za kazi, au ofisini kwao. Kinatolewa upya kila msimu, na lazima uwe nacho mfukoni ukiwa shambani.

Msimu wangu wa kwanza nilinunua leseni kwenye duka la vifaa vya michezo. Kijana wa kaunta aliniuliza yote ya njiwa na bata, akanipa karatasi yangu, akanitakia heri. Kuhusu kibali hakusema neno, nami sikujua cha kuuliza. Usiku wa kuamkia safari, mzee mmoja tuliyekuwa tuongozane naye akaniambia, "Mwanangu, hebu nionyeshe karatasi zako." Akazisoma chini ya taa ya jikoni, akazigeuza nyuma, akasema, "Ya korongo iko wapi?" Tulikiomba mtandaoni saa nne usiku, tukakichapisha kwa mashine ya binti yake. Zilitumika dakika chache tu. Bila macho ya yule mzee, asubuhi yake ningekuwa mhalifu mwenye leseni mkononi.

Kanda, tarehe na idadi

Texas imegawanywa kanda tatu kwa ajili ya korongo. Kwetu Abilene mpaka unapita katikati yetu: ni barabara kuu namba 83. Magharibi yake, kuelekea Lubbock, ni Kanda A, inayofunguliwa mwishoni mwa Oktoba. Mashariki yake, ukipanda kuelekea Haskell, ni Kanda B, inayosubiri hadi mwishoni mwa Novemba. Kanda C ni ya kusini na pwani, hufunguliwa Desemba, na kuna vipande vya pwani vilivyofungwa kabisa. A na B unaruhusiwa korongo 3 kwa siku, C ni 2. Tarehe kamili hubadilika, zisome kila mwaka.

Pwani wanachelewesha kwa sababu ya ndugu yake mweupe, whooping crane, anayepitisha baridi kwenye hifadhi ya Aransas, huko pwani. Mwaka 1941 kundi hilo lilibaki na ndege wasiofika 20. Kumuua mmoja ni faini inayoweza kufika dola 50,000 na kifungo hadi mwaka mmoja. Yeye ni mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa na ni mrefu kuliko wa kijivu, lakini mtoto wake ana mabaka ya rangi ya kutu, na wakati mwingine huruka ndani ya kundi la wale wa kijivu. Alfajiri yenye ukungu kila ndege ni kivuli. Kama huoni rangi, shusha bunduki.

Ardhi karibu yote ya Texas ni ya watu binafsi, kwa hiyo omba ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya msimu, ikiwezekana kwa maandishi. Bunduki ya marisau isibebe zaidi ya risasi tatu. Usimwage nafaka kuwavuta. Mwanzo ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza, mwisho ni jua kuzama. Na korongo aliyejeruhiwa usimtumie mbwa wala usimwinamie: mdomo wake ni kama mkuki, na analenga macho.

Jikoni

Acha kichwa au bawa moja lenye manyoya likiwa bado mwilini mpaka ufike nyumbani, maana askari wa wanyamapori lazima aweze kumtambua ndege. Hapo ndipo unyonyoe au umchune.

Kidari chake ndicho kinachofanya Wamarekani wamwite steki ya angani. Ni chekundu cha kukoza, hakina harufu ya shombo, na ukikikata kukingama nyuzi utadhani ni sarara. Pitisha vidole taratibu: ukikuta tundu lenye unyoya mdogo ndani, kuna risau limejificha hapo, litoe na kisu chembamba. Mimi hukata vipande vya mishkaki, napaka tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, naacha saa mbili, kisha makaa makali na muda mfupi. Wawindaji wengi hula ikiwa na wekundu katikati. Serikali inashauri nyama ya ndege ifike nyuzi 74 za Selsiasi ndani, na watoto au mjamzito wakiwepo mimi hufuata hilo bila mjadala. Mapaja ni magumu. Yachemshe saa tatu, kisha yaunge kwa nazi na nyanya.

Kwa Waislamu, suala la bismillah wakati wa kufyatua na la ndege aliyekufa kabla ya kuchinjwa muulizeni sheikh mapema, si shambani.

Najua tutataka kugawiana, ndivyo tulivyolelewa. Ukimpa jirani ndege au nyama mbichi aende nayo, mwandikie karatasi: jina lako, anwani, sahihi, ni korongo wangapi, na tarehe waliyouawa. Akisimamishwa barabarani na kidari kwenye boksi la barafu, karatasi hiyo ndiyo itakayomfikisha nyumbani.