Umekuja na mbinu mpya darasani? Ipime kwanza ndo uisifie

Walimu wenzangu tuna ugonjwa mmoja, tukitoka MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) na mbinu mpya tunaijaribu, watoto wanachangamka, basi tunasema imefanya kazi. Kuchangamka sio kuelewa jamani. Mi nilifundisha kujumlisha sehemu darasa la tano kwa kukunja na kukata karatasi, kipindi kikawa raha tupu, kuja kusahihisha nakuta 1/2 + 1/3 = 2/5 kibao, yani mtoto kajumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili kama vile sikuwahi kuingia humo ndani.

Sasa fanya hivi. Chagua kitu kimoja, usiseme nataka wapende hesabu, sema nataka wajue kutafuta asili inayofanana. Kabla hujafundisha wape jaribio la maswali 10, karatasi ubaki nazo wewe. Kama mna mikondo miwili, A ipate mbinu mpya, B iendelee na chaki na ubao, mada ileile, vipindi idadi ileile. Mkondo ni mmoja? Poa tu, linganisha kabla na baada, ila ushahidi unakuwa mwepesi kidogo. Jaribio la mwisho libadilishe namba maana hawa watoto kwa kukariri ni hatari, na ambaye alikosa jaribio mojawapo mtoe kwenye hesabu.

Halafu wastani wa mwisho peke yake unadanganya. Tuseme A wametoka 2 wakafika 6, B wametoka 5 wakafika 7. B wako juu eeh? Lakini A walibakiza alama 8 kufika 10 wakapata 4, 4 gawanya kwa 8 ni 0.5, B walibakiza 5 wakapata 2, ni 0.4. Hesabu hii Richard Hake wa Marekani aliitumia 1998 kwa wanafunzi wa fizikia zaidi ya 6,000. Ila wewe una darasa moja, 0.5 kwa 0.4 sio ya kukimbilia kwa mwalimu mkuu, utoro wa wiki moja tu unaweza kuileta.

Utamu uko kwenye makosa. Panga karatasi mafungu, waliojumlisha asili huku, waliosahau kubadilisha kiasi kule, kisha ita wawili wawili uwaambie hebu nielekeze ulivyofanya, usiwasahihishe, andika tu. Mmoja alinijibu, "Mwalimu, kwenye mtihani hakukuwa na karatasi za kukunja." Nikachoka! Sikuwahi kuwaonyesha ile mikunjo na namba za ubaoni ni kitu kimoja, nikarudia somo, kila mkunjo tunauandika palepale.

Wiki tatu baadae wape jaribio tena bila kuwatangazia.