Namna ya Kuzitazama Tamthilia za Skrini Zilizopuuzwa

Mkazi wa Nairobi akiulizwa ataje filamu moja ya Kenya iliyomgusa, mara nyingi atataja Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga na kutolewa mwaka 2012, wala hatakosea, kwa maana ni kazi nzuri iliyostahili umati ulioifuata. Lakini filamu hiyo ina ndugu. Ilitokana na warsha za One Fine Day Films, ambazo mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann walizianzisha ili kuwanoa watayarishaji chipukizi hapa jijini, na warsha hizo hizo zimetupa Soul Boy (2010), Something Necessary (2013), Veve (2014), Kati Kati (2016), Supa Modo (2018) na Lusala (2019). Mmoja alipata jina kubwa nyumbani, na nduguze wakasifiwa zaidi ughaibuni kuliko katika mitaa walikozaliwa. Mwongozo huu ni wa mtazamaji anayetaka kuzifikia kazi za aina hiyo na, lililo muhimu zaidi, kuzitazama kwa namna inayozitendea haki.

Ninaamini kwamba tamthilia nzuri hupuuzwa hasa kwa sababu imeuweka uzito wake mahali ambapo macho yetu hayajazoea kutua. Tumelelewa na vipindi ambavyo jambo kubwa hutangazwa: muziki hupanda, mtu hupigwa kofi, siri hufichuliwa mbele ya jamaa wote, kisha matangazo ya biashara huingia. Tamthilia ninazozizungumzia huweka jambo kubwa katika kazi ya mikono, katika chumba ambacho mtu hataki kuingia, au katika jibu linalokawia. Mtazamaji anayesubiri kofi ataona kwamba hakuna kilichotokea, naye atawaambia wenzake kuwa filamu imepooza. Hivyo basi, sehemu kubwa ya kazi ni kuyafundisha macho yetu upya.

Mahali pa kuzipata

Anza kwa kufuata majina ya waandishi badala ya nyuso za waigizaji. Mwigizaji maarufu huonekana katika kazi nzuri na mbaya kwa pamoja, kwa kuwa lazima ale, lakini mwandishi huenda na mambo yanayomsumbua kutoka kazi moja hadi nyingine. Mugambi Nthiga, kwa mfano, alishiriki kuiandika Kati Kati, akashiriki kuiandika Supa Modo, kisha akaiongoza Lusala, inayomhusu kijana anayeanza kujitegemea huku majeraha ya utotoni yakimwandama. Anayezitazama tatu hizo kwa mfuatano ataona swali moja likirudi kwa sura tofauti: mtu afanye nini na jambo ambalo haliwezi kurekebishwa tena? Kwa sababu hiyo usiikatize orodha ya majina inayopanda mwishoni. Programu nyingi za kutazamia huifinya orodha hiyo pembeni ili zikurushie kipindi kingine. Irudishe, uisome, na uandike jina la mwandishi, la mhariri na la mpiga picha mahali utakapoliona tena.

Njia ya pili ni kuzisoma orodha za wateule wa tuzo za Kalasha, zinazotolewa na Tume ya Filamu ya Kenya, na kuanzia katika vipengele vya uandishi na uhariri, ambavyo watu huviruka wakikimbilia mwigizaji bora. Njia ya tatu ni miguu yako mwenyewe. Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani ambavyo ni majirani katikati ya jiji karibu na mtaa wa Loita, vimekuwa vikionyesha filamu za Kiafrika kwa miaka mingi, na ukumbi mdogo wa Unseen ulioko Kilimani umejijengea jina kwa kuzipa nafasi kazi ambazo majumba makubwa ya sinema hayazigusi. Maonyesho ya aina hii mara nyingi huhudhuriwa na waliozitengeneza filamu zenyewe. Keti hadi mwisho, uulize swali moja mahususi kuhusu tukio moja. Utajifunza mengi kutokana na jibu hilo kuliko kutokana na tahakiki kadhaa.

Nakala za bei rahisi zinazopakiwa kwenye flashi zinavutia, nami naelewa kwa nini, lakini ziache. Zaidi ya kumnyima mtayarishaji haki yake, zinakunyima wewe filamu yenyewe. Picha iliyobanwa mno hugeuza kila tukio la usiku kuwa giza tupu, na sauti ndogo ndogo, kama vile mlango unaofungwa taratibu katika chumba cha pili, humezwa kabisa, ilhali tamthilia tulivu huishi katika sauti hizo.

Kabla ya kubonyeza

Jua historia, usijue kisa. Ukitaka kuitazama Something Necessary ya Judy Kibinge, inatosha kukumbuka uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 na ghasia zilizofuata, ambazo kwa mujibu wa tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ziliua watu 1,133. Ukitaka kuitazama From a Whisper, aliyoiongoza Wanuri Kahiu mwaka 2008 na ambayo ilizoa tuzo kadhaa za filamu za Afrika, AMAA, mwaka uliofuata, kumbuka tarehe 7 Agosti 1998, siku ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa mjini na watu 213 wakapoteza maisha hapa Nairobi. Baada ya hapo funga kurasa nyingine zote, kwa sababu muhtasari wa kisa hukufanya ukae ukilingoja tukio fulani na kuyaruka mengine yote macho wazi.

Tenga muda usiokatika. Kazi hizi ni fupi kuliko watu wanavyodhani: Soul Boy haizidi saa moja kwa dakika nyingi, na Kati Kati na Supa Modo zina takriban saa moja na robo kila moja, yaani muda ambao wengi wetu huutumia katika msongamano wa magari wa jioni moja. Vaa visikizi ikiwa jirani ana redio au mvua inapiga mabati. Iweke simu mbali, katika chumba kingine hasa, kwa sababu filamu isiyopiga kelele haiwezi kushindana na simu iliyo mkononi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sisi tunaoishi Nairobi tunaweza kulifanya na wageni hawawezi. Wahusika wa Supa Modo huzungumza Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, wakihama kutoka lugha moja hadi nyingine kama tunavyohama sisi wenyewe. Ikiwa unaelewa kinachosemwa, yaondoe maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini kila inapowezekana. Jicho la msomaji huvutwa na maandishi hata asipoyahitaji, na wakati linasoma, linaukosa uso wa mwigizaji katika nukta ile ile anayobadilika.

Kutazama kwenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na ningependa tukae zaidi. Chukua Supa Modo, aliyoiongoza Likarion Wainaina. Jo ni msichana mdogo mwenye ugonjwa usiotibika, mpenzi mkubwa wa filamu za mashujaa, anayerudishwa nyumbani kijijini ili aishi siku zake zilizobaki miongoni mwa watu wake. Dada yake Mwix haridhiki na kusubiri, naye anaanza kumfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, hadi kijiji kizima kinaingia katika mchezo huo. Mtazamaji wa kawaida humfuata Jo, kwa kuwa Stycie Waweru anamwigiza kwa namna isiyoachika. Mara ya pili, mfuate mama. Kathryn, anayeigizwa na Maryanne Nungo, ni mkunga. Mwanamke ambaye kazi yake ni kuwapokea watoto wa wengine duniani anarudi jioni katika nyumba ambamo mwanawe mwenyewe anaondoka. Filamu haitoi hotuba juu ya jambo hilo. Inakuachia wewe uone jinsi mama anavyomfunika, anavyomkataza, anavyotaka kumtunza kama kitu kitakachovunjika, na jinsi binti yake mkubwa anavyotaka kinyume chake kwa upendo ule ule. Hakuna mwovu katika ugomvi wao. Ni vigumu sana kuandika ugomvi ambao pande zote mbili zina haki, na tukio la aina hiyo linapopatikana, lafaa lirudiwe mara kadhaa.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: katika kila tukio, tazama mikono kabla ya kinywa. Katika Something Necessary, Anne, ambaye mumewe ameuawa, mwanawe ameumizwa na shamba lake limeharibiwa, anaamua kuijenga upya nyumba. Upande wa pili yuko Joseph, kijana aliyekuwa miongoni mwa washambuliaji, ambaye anavutwa kurudi mahali pale pale kutafuta namna ya kutubu. Filamu ingeweza kuwakutanisha mapema na kuwafanya walie. Badala yake inatuonyesha kazi: kusafisha, kubeba, kukarabati, kurudia. Ukiuliza kwa nini tunaonyeshwa usafi wa nyumba kwa muda mrefu hivyo, jiulize pia ni nani anayebaki kusafisha baada ya makamera ya habari kuondoka. Susan Wanjiru anamwigiza Anne akiwa amelifunga taya, na kila mara taya hilo linapolegea kidogo, tunalipata jambo ambalo filamu nyingine ingehitaji kurasa tatu za maneno kulisema.

Kanuni ya pili ni kuuliza mhusika anaomba nini, na haombi nini. Kati Kati ya Mbithi Masya ni mahali pazuri pa kujizoeza. Kaleche anajikuta nyikani bila kumbukumbu yoyote, anafika kwenye nyumba ya wageni, na huko Thoma anamweleza kwamba amekufa. Wakazi wa mahali hapo wakiandika kitu wanachokitaka, wanakipata. Ziangalie haja hizo kwa makini. Watu waliokufa, wanaoweza kupewa vitu, wanaomba starehe, michezo, vitu vya kupitishia siku, wala hawaombi kile kilichowafunga pale, kwa maana kukiomba kungewalazimu kukikumbuka. Elsaphan Njora anamfanya Thoma awe mcheshi na mkarimu, na ucheshi huo ndio unaopaswa kukutia shaka. Filamu hii ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2016, na hata hivyo wako mashabiki wa filamu katika jiji hili ambao hawajawahi kuisikia. Hilo linanisikitisha kwa dhati, kwa sababu sijui kazi nyingine ya Kenya inayozungumza juu ya hatia kwa upole kiasi hicho.

Mazoezi haya yasikufanye uzisamehe kasoro. Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyopigwa Kibera, inampa kijana Abila majukumu saba ili aiokoe roho ya babake, na katika muda wa saa moja baadhi ya majukumu hayo yanapita kabla hayajatulia moyoni. Liseme hilo waziwazi. Sifa isiyo na mipaka huifanya filamu ionekane kama mgonjwa anayehurumiwa, wakati inahitaji kuhukumiwa kama kazi kamili.

Kuhusu misururu ya runinga nitasema machache. Sehemu ya kwanza huwa imebeba mzigo wa kuwatambulisha watu wote, kwa hiyo usihukumu kabla ya kufika ya tatu. Country Queen, msururu wa Kenya ulioanza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2022, unaanza na Akisa akirudi kijijini kutoka Nairobi na unaonekana kama kisa cha mapenzi na familia. Unapoendelea kuwatazama wanakijiji wanaokabiliana na kampuni ya madini, unagundua kwamba mhusika mkuu ni ardhi.

Kuwashirikisha wengine

Ukimwambia rafiki kwamba filamu ni nzuri sana, hataitazama. Msimulie tukio moja tu, kwa ukamilifu, hadi pale ambapo bado hajajua kilichofuata, kisha nyamaza. Alika watu watatu au wanne nyumbani, chai iwe tayari mapema ili mtu asiinuke katikati, na kila mmoja ajue kwamba mazungumzo ni mwishoni. Ikiwa watoto watakuwepo, angalia kwanza alama ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na kwa Supa Modo uwe tayari kuulizwa maswali juu ya kifo usiku huo huo, jambo ambalo mimi naliona kuwa jema. Baada ya filamu, usiulize kama wameipenda, maana swali hilo hujibiwa kwa neno moja. Uliza ni nani aliyekuwa na haki, au ni mhusika yupi wangependa kumfuata baada ya skrini kuzimika.

Chagua filamu kulingana na mgeni. Mzazi wako mwanzishie Supa Modo. Rafiki anayependa mafumbo, Kati Kati. Mtu aliyeyaona ya mwaka 2008 kwa macho yake umwonye kwanza, kisha umwachie mwenyewe kuamua juu ya Something Necessary. Na yule anayelalamika kwamba filamu zetu hazizungumzi Kiswahili kinachosikika vizuri, mwekee Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, yenye kisa cha Yasmin anayeikimbia ndoa ya kulazimishwa na Denge anayepambana na ukoloni wa Waingereza katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Mwambie ayafumbe macho kwa dakika ya kwanza ya mazungumzo ya Yasmin na Denge, asikilize tu, halafu ayafumbue.