Ziwa lina kalenda yake, usiangalie jua ukadhani umejua maji

Jamani jua kali sio kipimo cha maji. Naanza na hilo mana ndo linalozamisha hata watu wanaojua kuogelea, siku ya kwanza ya joto inafika, hewa iko digrii 28, watu wanakimbilia ziwani wanaruka moja kwa moja kumbe maji bado yako 11 au 12. Mimi ilishanikuta. Niliruka kutoka kwenye gati, naogelea vizuri tu, ila pumzi ilikatika palepale, kifua kikabana, mikono ikawa inapiga maji hovyo, ngazi ilikuwa mita 4 tu na hizo mita 4 mpaka leo nazikumbuka moja moja.

Shida iko hivi, maji yanachelewa kupata joto na yanachelewa kulipoteza, kupasha kilo moja ya maji kunataka nguvu karibu mara 4 ya kilo moja ya hewa, kwaiyo ziwa siku zote liko nyuma ya majira kwa wiki kadhaa. Kwenye nchi za theluji kaskazini mwa dunia mwezi wa 5 na wa 6 hewa tamu kabisa lakini maji bado yamebeba baridi ya miezi iliyopita, joto lake la juu linakuja mwishoni mwa mwezi wa 7 mpaka wa 8, alafu mwezi wa 9 watu washavaa masweta na maji bado yanaogeleka. Kusini mwa dunia sogeza miezi 6. Ziwa dogo lenye kina kifupi linabadilika haraka, wiki moja ya jua inatosha, ila kubwa kama Superior la Amerika Kaskazini, lenye kina kinachopita mita 400, mwezi wa 6 maji ya katikati huwa bado chini ya digrii 10.

Na usidhani ukishapima juu umemaliza. Ziwa lenye kina wakati wa joto linajigawa matabaka, juu maji ya vuguvugu, chini yake kuna mpaka ambapo joto linaporomoka ndani ya mita chache, alafu huko chini kabisa kwenye maziwa ya nchi za baridi unakuta karibu digrii 4, sababu maji yanakuwa mazito kuliko yote yakiwa digrii 4 kwaiyo ndo yanayolala chini. Ukipiga mbizi unavuka huo mpaka kwa sekunde chache, umetoka 22 umeingia 10. Upepo nao unavuruga kila kitu, ukivuma kwa nguvu kutoka nchi kavu kwenda ziwani unasukuma yale maji ya joto mbali na ya baridi yanapanda kujaza nafasi, ndo mana jana ulioga maji ya 20 na leo palepale, jua lilelile, ni 12. Upepo wa aina hiyo pia unakubeba wewe kwenda katikati, kwaiyo maboya ya kuchezea yaache nyumbani.

Kupima ni rahisi: kipimajoto kwenye kamba, kishushe kama nusu mita, subiri dakika 2, na pima pale utakapoogelea, sio ukingoni kwenye maji ya vifundoni ambayo jua limeshayapasha. Zile namba za satelaiti kwenye simu zinasoma ngozi ya juu ya maji tu, chukua kama dokezo.

Kwangu mimi kuanzia 20 kwenda juu wengi wanaogelea bila tabu, 15 mpaka 20 ni baridi ya kweli, kaa muda mfupi, chini ya 15 mshtuko wa baridi, yani ile pumzi kukatika ghafla, unakuwa mkali, chini ya 10 usiingie kama hujazoea polepole kwa wiki nyingi au kama uko peke yako. Hata mashindano ya kimataifa ya maji ya wazi hayafanyiki maji yakiwa chini ya 16, na hao ni wanamichezo wa daraja la juu. Mwenye presha au moyo aongee na daktari kwanza, hapa sitanii.

Ukiingia, ingia kwa kutembea. Lowesha mikono, shingo, uso, toa pumzi ndefu, subiri mpaka uweze kuongea sentensi nzima bila kutweta ndo uanze kuogelea. Ukianguka ghafla usipigane na maji, geuka chali, elea, mdomo juu, ule mshtuko unapungua ndani ya dakika 1 mpaka 3. Baada ya hapo una kama dakika 10 kabla vidole na mikono havijakataa kukutii, kwaiyo ogelea sambamba na ukingo, usielekee katikati. Na kofia ya rangi kali vaa, uonekane.

Maji ya joto nayo yana mambo yake. Mwisho wa kiangazi kukiwa kumetulia bila upepo ukiona maji kama yamemwagiwa rangi ya kijani au kuna utando ukingoni, usiingie na mbwa asinywe, hiyo ni bakteria ya kijani-bluu na sumu yake mbwa inamuua haraka. Mvua kubwa ikinyesha subiri siku 2 hivi, uchafu wote wa juu unashuka ziwani. Ngurumo, toka, hesabu dakika 30 tangu ya mwisho. Maziwa ya ukanda wa tropiki kama Tanganyika maji ya juu yanacheza kwenye 23 mpaka 29 mwaka mzima, baridi sio adui wa kwanza huko, adui ni mamba, kiboko na kichocho kinachotoka kwa konokono wa kwenye majani ya ukingoni, kwaiyo uliza wanaoishi hapo kabla hujavua nguo.

Kutoka ndo sehemu watu wanaidharau. Toka kabla hujaanza kutetemeka, mana mwili unaendelea kupoa ndani hata ukishakuwa nchi kavu, unaweza ukajiona mzima alafu dakika 10 baadae ukaanza kizunguzungu. Jifute, vaa juu kwanza, kofia, soksi, kunywa kitu cha moto, shawa ya moto iache kwa muda inaweza kukuangusha, na usishike usukani wa gari mpaka kutetemeka kuishe kabisa.