Mtandao ukikatika, mauzo yasipotee wala yasijirudie: foleni ya kutuma kwenye programu ya simu

Chukua programu ya duka. Muuzaji anaandika kilo 2 za sukari, anabonyeza Hifadhi, na papo hapo mtandao unakatika. Kiduara kinazunguka mpaka anachoka, anabonyeza tena, na wakati wa kufunga hesabu sukari ileile inaonekana imeuzwa mara mbili. Kosa si la mtandao. Kitufe kimeunganishwa moja kwa moja na seva, na hilo ndilo la kurekebisha: andika kwanza kwenye simu, halafu kazi inayoendeshwa chinichini itume kwa wakati wake. Maelezo haya yanafuata Android, kwa lugha ya Kotlin, Room (maktaba ya hifadhidata ya simu) na WorkManager (maktaba ya kuendesha kazi za chinichini).

Anza na jedwali la foleni:

```
CREATE TABLE foleni (
  namba INTEGER PRIMARY KEY AUTOINCREMENT,
  kitambulisho TEXT NOT NULL UNIQUE,
  aina TEXT NOT NULL,
  data TEXT NOT NULL,
  hali TEXT NOT NULL DEFAULT 'INASUBIRI',
  kosa TEXT
);
```

Muuzaji akibonyeza Hifadhi, fanya mambo mawili ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata: ingiza mauzo kwenye jedwali la mauzo, na ingiza mstari kwenye foleni. Katika Room tumia `withTransaction`. Ukiyatenganisha, simu ikizima katikati utabaki na mauzo ambayo hayatatumwa kamwe, na hakuna atakayejua. Skrini nayo isome hifadhidata ya simu peke yake, isiulize seva. Room ikirudisha `Flow` (mkondo unaoleta data upya kila inapobadilika), orodha inajisasisha yenyewe.

Kitambulisho ni UUID (msimbo mrefu wa nasibu usiotarajiwa kujirudia) inayotengenezwa mara moja tu, muuzaji anapobonyeza. Wengi huitengeneza wakati wa kutuma, na hapo kazi yote inaharibika, kwa sababu kila jaribio linafika seva likiwa na sura mpya. Faida nyingine: mteja mpya aliyesajiliwa bila mtandao tayari ana kitambulisho, hivyo mauzo yake yanaweza kumtaja hata kabla seva haijamfahamu. Ndiyo maana mpangilio wa kutuma ufuate `namba`, mteja atangulie mauzo. Usipange kwa saa ya simu. Mwenye simu anaweza kuirudisha nyuma.

Angalia pia kwamba hakuna hali inayoitwa INATUMWA. Imeachwa makusudi. Programu ikiuliwa na mfumo katikati ya kutuma, mstari uliowekwa hali hiyo unakwama humo. Acha mstari uwe INASUBIRI mpaka jibu la seva lipatikane.

Upande wa seva, weka sharti la upekee kwenye kitambulisho na uingize kwa `ON CONFLICT DO NOTHING`, yaani kikiwepo tayari usifanye kitu (hifadhidata ya PostgreSQL inayo, na SQLite pia kuanzia toleo la 3.24). Ombi likija mara ya pili, jibu 200 (namba ya HTTP ya kusema imefanikiwa) kama mara ya kwanza. Usiseme «tafuta kwanza, kama hakuna ingiza»: maombi mawili yakifika pamoja, yote mawili huenda yasikute kitu, na bila sharti la upekee yote yataingiza.

Sasa mtumaji, yaani ile kazi ya chinichini. Mpe sharti la `NetworkType.CONNECTED` (aendeshwe mtandao ukiwepo tu), asome mstari wa kwanza unaosubiri, atume, aandike matokeo, kisha arudie mpaka foleni iishe. Jibu la 400 au 422, yaani seva imekataa ombi lenyewe, halibadiliki hata ukituma mara mia. Weka IMEKATALIWA, hifadhi sababu kwenye `kosa`, mwonyeshe muuzaji, endelea na unaofuata. Kwa 408 (muda umeisha), 429 (maombi yamezidi), zote za 500 na kuendelea (hitilafu ya seva), au mtandao kukatika, rudisha `Result.retry()`, inayoiambia WorkManager ijaribu tena baadaye. Jibu la 401 lisichanganywe na hizo: data haina kasoro, mtu tu anatakiwa aingie upya, kwa hiyo simama na umwambie.

Penye mtego zaidi ni sera ya kuipanga kazi, yaani unachoiambia WorkManager ifanye ikikuta kazi ya jina lilelile tayari ipo. Ukitumia `KEEP`, kazi mpya inapuuzwa iwapo nyingine haijaisha. Mtumaji anaweza kuwa ameshakuta foleni tupu na yuko mbioni kufunga, mauzo mapya yanaingia, ombi la kumwamsha linapuuzwa, na mstari unalala hadi mtu auze tena. Tumia `APPEND_OR_REPLACE`, inayoweka kazi mpya nyuma ya iliyopo. Hiyo nayo ina gharama yake: kazi mpya husubiri nyuma ya ile inayongoja kujaribu tena, na muda wa kujaribu tena huanzia sekunde 30, ukiongezeka maradufu kila mara hadi kikomo cha saa 5. Kwenye mtandao wa kubabaisha, saa 5 zinafikika kweli. Basi programu inapofunguliwa, na kwenye kitufe cha «Tuma sasa», panga kazi kwa `REPLACE`, inayofuta iliyopo na kuanza mpya. Inamkata mtumaji katikati, ndiyo, lakini kitambulisho kinazuia marudio.

Kujaribu kwa hali ya ndege hakutoshi, maana hapo ombi haliondoki kabisa. Hatari ni ombi lililofika huku jibu likipotea njiani. Kwenye seva ya majaribio hifadhi data, kisha ngoja sekunde 15 kabla ya kujibu. OkHttp (maktaba ya kutuma maombi ya HTTP) isipobadilishwa husubiri sekunde 10, kwa hiyo simu itaona imeshindwa na itatuma upya. Seva ibaki na mstari mmoja. Ikiwa na miwili, anza kwa kukagua UUID inatengenezwa wapi.

Kwenye kompyuta ya mezani mpangilio ni uleule, ila badala ya WorkManager unaweka uzi (thread) mmoja wa kutuma, na SQLite uiwekee `PRAGMA journal_mode=WAL` ili skrini isome huku uzi unaandika.

Mwisho, kitufe cha Toka. Programu nyingi hufuta hifadhidata mtu anapotoka, na foleni inakwenda nayo. Hesabu kwanza mistari inayosubiri na iliyokataliwa. Ikiwepo, onyesha idadi na uzuie kufuta mpaka itumwe, au mtu akubali kwa kauli yake kuipoteza.