Kubebesha miti: jua ukoo kabla ya kushika wembe

Jirani yangu wa Likoni ana mkorosho mkubwa, akataka tuubebeshe boribo, yaani tuunge kitawi cha mwembe wa aina hiyo juu yake. Nilimkataza. Haya ndiyo niliyomweleza.

Hatua ya 1: Ukoo

Hapa usiharakishe. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, ila si watoto wa baba mmoja. Kikonyo (kitawi cha kubebeshwa) kitabaki kijani siku chache kwa maji yake, kisha kikauke. Mwembe juu ya mwembe hauna taabu: boribo au embe apple juu ya mche wa kokwa la kienyeji. Jamii ya machungwa nayo ina ukarimu. Mchungwa, mchenza na mbalungi hukubali mlimau. Hata nyanya hushika juu ya mbilingani. Mnazi na mgomba achana nao kabisa: hiyo haina ile tabaka laini ya kijani chini ya gome, na ndiyo inayounga.

Tena, kushika si kupatana. Miti mingine huungana, ikakua miaka, kisha kiungo kikavimba, majani yakawa manjano, na kusi likivuma mti ukakatika palepale, pakawa laini kama pamepitishwa msumeno. Ukiona uvimbe huo, usichukue tena vikonyo vya mti ule kwa shina la aina hiyo.

Mchungwa juu ya mdanzi (mchungwa mchungu) una hatari yake. Hushika vizuri na kuzaa, lakini virusi vya tristeza, vinavyoenezwa na vidukari, huua mishipa ya kushusha chakula chini ya kiungo, mizizi ikafa njaa. Mimi hutumia mlimau wa kienyeji, ila si mahali maji yanapotuama, kwa kuwa mizizi yake huoza.

Hatua ya 2: Kikonyo

Unene wa penseli, macho yamevimba lakini hayajafunguka. Toa majani.

Hatua ya 3: Kuchonga

Wembe mpya, basi. Kisu cha jikoni huponda, na palipopondwa hapaungi. Chonga kabari, pasua shina, ingiza. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, kisogeze ukingoni mpaka kijani kiguse kijani upande mmoja. Ukikiweka katikati kitakufa hata kama miti ni ndugu.

Hatua ya 4: Kufunga

Utepe wa plastiki, kutoka chini kwenda juu, kisha mche kivulini. Machipukizi ya chini ya kiungo yang'oe yote.