Msafara wa magari ya spoti mlimani: jinsi ya kuupanga ili gari la mwisho lisikimbizwe

Wadau, nimeongoza misafara ya klabu yetu milimani wikendi nyingi sasa, na kitu ninachokiona kila mara ni kwamba gari linaloponea chupuchupu huwa si la mbele. Ni la saba, la nane, au lile la mwisho kabisa. Wa mbele anatembea zake vizuri tu, wa nyuma jasho linamtoka ili asiachwe. Kwa hiyo huu mwongozo nimeuandika nikimfikiria yule wa mwisho.

Hatua ya 1: Kagua gari siku tatu kabla

Sio asubuhi ya safari, maana ukikuta tatizo asubuhi wenzako wameshawasha gari na wewe utajiambia litavumilia. Anza na mafuta ya breki. Haya mafuta yananyonya unyevu wa hewani taratibu hata gari likiwa limepaki, na maji yakishaingia yanachemka mapema. DOT 4, aina ya mafuta ya breki inayotumika sana, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila ikishanyonya maji kama asilimia 3.7 kiwango cha chini kinachodaiwa ni nyuzi 155 tu. Sasa kwenye mteremko mrefu joto la diski linapanda hadi kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, mafuta yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke ukiubana unabonyea, yaani unakanyaga pedali inazama tu na gari halipunguzi mwendo. Kama imepita miaka 2 hujabadilisha, badilisha.

Mwenzetu mmoja alisema atabadilisha wiki inayofuata. Tulipokuwa tunashuka nilikuwa nyuma yake, nikaona taa zake za breki zinawaka zinazima, zinawaka zinazima, haraka haraka, nikajua anapampu. Akashusha gia, akashusha tena, akaliingiza gari kwenye changarawe pembeni likasimama. Nilipofika dirishani mkono wake bado umeng'ang'ania gia, hauachii, na ile harufu ya pedi zilizoungua imejaa mpaka kooni. Tangu siku hiyo mtu akishindwa kuniambia lini alibadilisha mafuta ya breki hatoki na sisi, hata awe rafiki yangu.

Tairi pima upepo zikiwa baridi, na ufuate namba za kwenye stika ya mlangoni, sio ile ya ubavuni mwa tairi, ile ni ya mwisho kabisa tairi inayoweza kubeba. Zikipata moto presha itapanda yenyewe, usianze kupunguza njiani. Halafu angalia umri: ubavuni kuna tarakimu nne, ukikuta 2319 hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari yetu mengi yanatoka wikendi tu, kwa hiyo tairi inaonekana mpya kabisa kumbe mpira umeshakuwa mgumu.

Hatua ya 2: Kiongozi aipite njia kwanza

Ipite wiki hiyo hiyo, peke yako, taratibu. Tafuta kona ambazo malori yanakata kwa ndani yakivuta mchanga na kokoto barabarani, tafuta sehemu zenye kivuli cha miti zinazobaki na unyevu hata saa nne asubuhi, na tafuta pa kusimama panapoingia gari zote bila kuacha mkia barabarani. Andika, usitegemee kichwa.

Hatua ya 3: Gawa makundi

Hapa ndipo klabu nyingi zinakosea. Chukua gari 10, kila mmoja kaacha sekunde 2. Kutoka la kwanza hadi la mwisho ni sekunde 18, kwa mwendo wa 60 hiyo ni mita 300 hivi, kwa hiyo kiongozi ameshamaliza kona anaona barabara imenyooka, wa mwisho bado hata hajaingia kwenye kona. Kiongozi akikanyaga mafuta hadi 90, wa pili anachelewa kidogo kumfuata, wa tatu naye, na kila mmoja akichelewa nusu sekunde tu wa kumi ameshachelewa sekunde 4 na nusu, yaani karibu mita 38 za kufidia, maana sekunde hizo zote yeye bado yuko kwenye 60 na kiongozi yuko kwenye 90. Atafidiaje? Atapita 90. Na anafidia huku anaelekea kona inayofuata ambayo wa mbele wameshaanza kuifungia breki.

Dawa yake ni mbili. Kundi lisizidi gari 5, makundi yaachane dakika kama tano. Na kiongozi akitoka kwenye kona asikanyage mpaka amwone wa pili na wa tatu kwenye kioo. Mgeni au mwenye gari dogo kuliko wengine mweke nafasi ya pili, nyuma tu ya kiongozi, na mkiani weka dereva mzoefu mwenye redio ya mkononi, spea, jeki na kizima moto.

Hatua ya 4: Kila mtu amwangalie wa nyuma yake

Kwenye njia panda usikate mpaka wa nyuma yako ameona unakokata. Usipomwona, simama pembeni mahali salama, naye wa mbele yako atakuona umepotea kwenye kioo atasimama, hivyo hivyo mpaka kwa kiongozi. Mkiishika hii sheria hakuna wa kumkimbilia wa mbele, maana anajua anasubiriwa.

Hatua ya 5: Kona

Breki malizia kabla hujageuza usukani. Angalia pale kingo mbili za barabara zinapokutana mbele yako: pakikusogelea kona inazidi kukaza, punguza, pakianza kukukimbia kona inafunguka, ongeza taratibu. Baki upande wako muda wote, kukata kona ni kwa uwanja wa mashindano. Na ujue kutoka 50 kwenda 60 kwenye kona ile ile, nguvu inayolisukuma gari nje inaongezeka asilimia 44. Ukishtuka katikati ya kona usiachie mafuta ghafla, hasa wenye injini nyuma, uzito unarukia mbele na matako ya gari yanateleza.

Hatua ya 6: Kushuka

Shuka na gia ile ambayo ungepandia, na uiweke kabla mteremko haujaanza. Wa otomatiki weka manyuo, yaani uchague gia mwenyewe. Usiweke nyutro hata kidogo. Breki kanyaga kwa nguvu kiasi halafu achia ipoe, usiiburuze mguu ukiwa juu yake kilomita nzima. Pedali ikianza kwenda chini kuliko kawaida, au ukisikia harufu, tangaza kwenye redio na kundi lote lisimame, wala usione aibu.

Hatua ya 7: Kabla ya kuzima

Mkifika chini tembeeni kilomita chache polepole bila breki nyingi, diski zipoe kwa upepo. Ukisimama usikae umekanyaga pedali wala usivute hendibreki zikiwa za moto, pedi inaacha alama kwenye diski na baadaye usukani unatetemeka. Weka gia, au P kwa otomatiki, na jiwe kwenye tairi. Kiongozi hesabu gari, usiulize tu kama wote wapo, hesabu kwa kidole, na usizime redio mpaka wa mkiani ameingia.